Mita Sitini

Walikuja Jumanne, watu wa bonde la maji,
na futi kamba ya njano.
Bwana Kitomari akavua viatu, akakunja suruali,
akakanyaga pale maji ya Duluti yanapolamba tope.
"Shika hapa, dada. Usilegeze."
Nikashika sifuri.

Yeye akapanda na namba.

Kumi: matete, na kenge aliyetutazama
kama mwenye hati.
Ishirini: nyanya zangu, zimeiva nusu,
na harufu ya dawa ya ukungu ambayo mvua
huishusha usiku kucha, taratibu,
hadi perege wageuze matumbo juu alfajiri
nasi tuseme: ni baridi.
Thelathini na tano: maharage.
Arobaini na tisa: pampu, na mpira wake mweusi
umelala kama aliyeshiba.
Hamsini na nane: akasita.
Kamba ilikuwa imefika kwa baba.

Si kando ya kaburi. Juu yake.
Sitini iliangukia kifuani,
pale tulipoandika kwa kijiti saruji ikiwa mbichi:
KAANAELI, na E imegeuka.
Miguu yake ziwani, kichwa chake nyumbani.
Kitomari akavua kofia.
"Hili," akasema, "halimo kwenye fomu."

Basi niseme na mengine yasiyomo kwenye fomu.
Mteremko huu ulikuwa na miringaringa mitatu.
Mmoja ni ada yangu ya kidato cha kwanza.
Mmoja ni sare, godoro, sanduku la bati.
Wa tatu uliangukia majini;
baba akauvuta kwa ng'ombe wawili
na udongo ukafuata nyuma yake, mwekundu,
kama ulioitwa kwa jina.
Shuleni nilifundishwa neno mmomonyoko.
Nikalichora: mshale, mteremko, mshale.
Nikapata tisa kwa kumi.

Ziwa hili halina mto wa kulaumu.
Hakuna wa juu yetu aliyechafua akatuletea.
Ni bakuli, na sisi ndio ukingo.

Jirani Sangito aling'oa bikoni yake usiku,
sasa ananolea panga.
Simsemi. Ana watoto watano na robo heka,
na ziwa halijawahi kumkopesha chumvi.
Mimi niling'oa nyanya.
Sikulia, nilihesabu:
tenga kumi na moja, bei ya Tengeru Jumamosi,
kisha nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikatukana kidogo, kwa Kimeru, kwa sauti ya chini,
maana baba alikuwa karibu.

Mama hakuzitaka bikoni.
Zege haliombi radhi, alisema.
Akachomeka masale mpaka hadi mpaka,
na moja akalifunga fundo
kama wafanyavyo waliokosa
wakienda kwa waliowakosea,
akashuka nalo majini peke yake.
Sikumfuata. Akarudi na magoti yenye tope,
akauliza kama chai ipo.

Mwezi wa nne tulipanda miche arobaini.
Kumi na tisa wameila mbuzi wa Sangito.
Minne iliondoka na maji.
Mmoja sijui ulikwenda wapi.
Iliyobaki naitembelea na kopo la rangi:
nachota ziwani, namwagia shina,
nayarudisha maji kwao
kwa njia ndefu.

Kaburini hatupalilii tena, sheria ni sheria.
Nyasi zimemfikia baba magotini.
Na juzi, ndani ya ufa,
karibu na ile E iliyogeuka,
nikaona majani mawili mapana, yenye kukwaruza.
Nayajua. Nimeyasomea.
Hakuna aliyeupanda.

Nikamwambia mama: ukikua, utapasua saruji yote,
tuuhamishe ungali mdogo.
Alikuwa akichambua mboga, hakuinua uso.
"Muache," akasema.

Hakusema uache.
Nilimsikia vizuri.